Kake Si Keki

Sogeza hicho kiti nyuma ya ukuta. Upepo wa hapa Kisaju hauheshimu mgeni, utakumwagia vumbi kwenye chai kisha umsingizie ng'ombe. Haya. Sasa unanisikia vizuri.

Umeniambia umepata nafasi ya kurudi chuo kikuu, usomee uzamili wa uuguzi, na hujui kama uende. Sindano unajua kuchoma. Mshipa wa mtoto mchanga unaupata bila kuhangaika. Wenzako wakikwama wanakuita wewe. Sasa unauliza, vitabu vyote hivyo vitaniongezea nini? Nitazeekea darasani ndipo nirudi kitanda kile kile, kwa mgonjwa yule yule?

Ndiyo, utarudi kwa mgonjwa yule yule. Ngoja nikueleze kwa nini si kazi bure. Nitaeleza polepole, maana kumbukumbu zangu siku hizi hazipangi foleni. Zinakuja kama nyumbu walivyokuwa wakija Kitengela zamani, kabla ya nyua na mabati: unafungua mlango asubuhi unakuta uwanda umejaa migongo, hujui wamefika saa ngapi, ukigeuka kuchota maji wameshaondoka, na mahali walipokuwa kuna mvuke tu unaopanda kutoka kwenye nyasi.

Mimi nilianza kuifahamu hospitali ya Kajiado katika miaka ya themanini, msichana wa Kikamba aliyejua Kimaasai cha kununulia maziwa tu. Wodi yetu ilikuwa na madirisha marefu yaliyotazama mashariki. Asubuhi jua liliingia na kupita kitanda kimoja baada ya kingine, bila haraka, kama daktari wa zamu mwenye moyo mwema. Bado naiota ile wodi. Katika ndoto hakuna anayeumwa. Shuka nyekundu zimetundikwa kwenye vichwa vya vitanda, dripu zinadondoka, nami nimesimama katikati nikiwa nimesahau nilichofuata.

Jina langu ni Mutheu, lakini wanafunzi walinipa lingine. Waliniita Sista Nipe.

Nitakuambia lilitoka wapi. Mwanafunzi anatafuta mshipa, anakosa, mgonjwa anakunja uso. Mimi napita. "Nipe hapa." Naichukua ile sindano, mara moja iko ndani, plasta juu, nimeondoka. Mwanafunzi anafunga kidonda, bandeji imelegea. "Nipe." Mwanafunzi anapima presha, anasikiliza mara ya pili kwa sababu hakuamini ya kwanza. "Nipe, nipe." Wagonjwa walinipenda. Mkuu wa wodi alinipenda. Na wanafunzi walitoka mikononi mwangu wakiwa wamejifunza jambo moja: kwamba Sista Nipe anajua kutia dripu.

Hapo ndipo swali lako linapoanza kujibiwa, ila mimi wakati huo sikujua kuna swali. Niliposikia kwamba wauguzi wanaweza kusomea uzamili, wawe wabobezi wa tiba na walimu wa wauguzi wengine, nilifikiri nitakwenda kuongezewa ujuzi wa mikono. Nikahamia Kitengela, kwa kuwa iko katikati: huku Nairobi chuoni, huku Kajiado kazini. Nikapanga chumba nyuma ya duka la Mama Hodan.

Mama Hodan alikuwa mama wa Kisomali, watu wake wametoka kaskazini mashariki, na aliuza kila kitu kuanzia sukari hadi mbuzi. Alasiri nilikuwa nakaa kwenye baraza lake na kitabu changu, upepo unafungua kurasa kabla sijazimaliza.

"Wee Mutheu," aliniambia siku moja, "watoto wako wamemaliza shule, mama yao bado anasoma. Wallahi, hiyo shule imekosa kengele ya kwenda nyumbani?"

"Nasomea kufundisha wauguzi, Mama Hodan."

"Kwani wewe si nesi tayari?"

"Ndiyo."

"Si uwaonyeshe tu!"

Nilicheka, lakini nilikuwa na mawazo yake yale yale. Kufundisha ni kuonyesha. Unafanya, wanaona, wanajua.

Aliyenitoa huko ni mwalimu wangu wa chuo, Daktari Achieng'. Alikuwa muuguzi kama sisi, daktari wa vitabu, mama mfupi mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha kunyamaza ili uisikie. Darasani tulikuwa wauguzi watu wazima, kila mtu na majivuno yake. Akauliza, "Mgonjwa anayekwenda kuzidiwa, kabla kipimo hakijaonyesha chochote, mnamjuaje?"

Nikanyoosha mkono. "Unahisi tu, Daktari. Ukikaa kazini miaka mingi unahisi."

"Vizuri. Sasa nifundishe kuhisi."

Nikaushusha mkono.

"Hisia haigawiki, Mutheu," akasema. "Rudi wodini ukaangalie hiyo hisia yako imeundwa na nini. Ifumue kama sweta. Uniletee nyuzi."

Nikarudi Kajiado kufumua. Niliona mambo ya ajabu, mwanangu, mambo niliyokuwa nayafanya kila siku bila kujiona. Kumbe nikiingia wodini nilikuwa naangalia nani ameacha kufukuza nzi. Mgonjwa mwenye nguvu hata kidogo humpunga nzi. Akimwacha nzi atembee mdomoni, mimi miguu yangu ilikuwa inaelekea kitanda kile kabla akili haijaniambia. Halafu pua: mtoto anayehangaika kupumua, pua zake zinapanuka. Halafu vidole vinavyochezea shuka kana kwamba vinatafuta kitu kilichopotea. Nilimpelekea Daktari Achieng' nyuzi zangu. Alifurahi na huyo nzi kuliko yote. "Huyu anafundishika," akasema.

Hiyo ni faida moja ya kusoma, kama bado unahesabu faida. Hawakuniongezea mikono. Walinifanya nione mikono yangu ilikuwa inajua nini.

Lakini kujua ni kitu kimoja, na kunyamaza ni kingine. Katika masomo yale ilikuwa lazima tufundishe wodini, na mwalimu wetu aje asimame nyuma kututahini. Mara yangu ya kwanza nilipewa mwanafunzi aitwaye Kwamboka, msichana wa Kisii, mcheshi, mwenye kofia ya uuguzi iliyokataa kukaa kichwani. Alikuwa anatia dripu. Daktari Achieng' amesimama dirishani. Kwamboka akakosa mshipa. Akatafuta tena. Nikasema moyoni, Mutheu, tulia. Mdomo ukasema, "Nipe."

Dripu iliingia vizuri sana. Nilianguka mtihani.

Tukiwa nje, jua la Kajiado linatuchoma utosini, Daktari Achieng' aliniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia nikifunga macho. "Muuguzi ana mikono miwili. Mwalimu wa wauguzi ana mifuko miwili. Utatahiniwa mara moja tu tena. Siku hiyo nataka nione mifuko."

Basi hapo ndipo nilipokuwa. Nikianguka tena, uzamili umekwisha, narudi wodini kuwa Sista Nipe hadi kustaafu. Wiki chache baadaye, Kwamboka naye akaanguka wake, na ni kwa sababu ya keki.

Sikiliza vizuri hapa, ndipo mzizi ulipo.

Wewe umezaliwa maeneo haya, au umekaa vya kutosha, unajua Wamaasai wanavyosalimiana. Mtu hatupi shida yake mlangoni. Kuna kitu wanakiita kula habari. Mnakaa, mnaulizana. Wewe uko? Niko. Amani? Amani, *serian*. Mvua? Ng'ombe? Watoto? Yote ni mazuri, hata kama nyumba imeungua. Ni adabu, kwanza unampa mwenzako amani ashike mkononi, ndipo umpe mzigo. Na mzigo unakuja nyuma ya neno moja dogo. Kwa Kimaasai neno hilo ni *kake*. Maana yake ni lakini.

Siku ya mtihani wa Kwamboka, mtahini wa chuo chao alimpeleka kwa mama mmoja aliyejifungua siku chache nyuma, Ng'oto Saruni, yaani Mama Saruni. Nami nilikuwa jirani nikipanga dawa, nikasikia yote.

"Mama, unaumwa wapi?" Kwamboka akauliza, kalamu mkononi.

"Siumwi. *Serian*."

"Mtoto ananyonya?"

"Ananyonya sana. Mvua imenyesha kwetu. Mbuzi wamezaa. *Kake*..."

"Hapana mama," Kwamboka akasema kwa upole kabisa, "hapa hospitali hatupeani keki. Chai inakuja saa nne, na mkate."

Ng'oto Saruni alimtazama. Akaangalia dirishani. Kisha akacheka, akajifunika shuka. Kwamboka akaandika kwamba mgonjwa hana malalamiko, isipokuwa hamu ya vitu vitamu.

Mtahini aliinua ile shuka. Mguu mmoja wa Ng'oto Saruni ulikuwa umevimba kuanzia goti kushuka chini, wa moto, unang'aa. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa ndani, jambo linaloweza kumuua mzazi akiinuka tu kwenda kunawa uso. Alianzishiwa dawa saa ile ile na akapona. Kwamboka aliandikiwa kwamba ameanguka, na kwamba akianguka tena atafunga sanduku arudi nyumbani.

Nilimkuta nyuma ya chumba cha kufulia, analia ndani ya ile kofia yake.

"Sista, nimeuliza. Si nimeuliza? Amesema haumwi."

"Umeuliza."

"Sasa kake ni nini?"

Nikamwambia. Aliinua uso, macho mekundu, kamasi zinatoka. Halafu, Mungu amsamehe, akaanza kucheka, nami nikacheka, tukashikana mabega pale karibu na mashuka yaliyoanikwa, yanatupiga usoni kwa upepo.

"Sista Nipe na Sista Keki," akasema. "Hii hospitali imekwisha."

Niliporudi Kitengela nilikaa barazani bila kufungua kitabu. Uwanda ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na mbali nyumbu walikuwa wanapita mstari mmoja, vichwa chini, kana kwamba wanaota wakitembea. Niliwaza hivi. Kwamboka alianguka kwa sababu hakungoja. Na mimi? Mimi pia. Yeye alimkatiza mgonjwa kabla ya kake, mimi nilikuwa namkatiza mwanafunzi kabla mkono wake haujapata mshipa. Ugonjwa mmoja, wodi moja.

Mama Hodan alikuwa anabishana na mnunuzi wa mbuzi. Yule bwana alitaja bei yake. Mama Hodan akanyamaza. Akapanga pakiti za majani ya chai. Akafuta mizani. Bwana akaanza kuhangaika, akajiongezea bei mwenyewe, akaondoka na mbuzi.

"Mbona hukusema kitu?" nikamuuliza.

"Niseme nini? Alikuwa bado hajamaliza. Yeye mwenyewe hajui hajamaliza. Mimi najua."

Kwa hiyo tulianza kufanya mazoezi, Kwamboka na mimi, na chuo chetu kilikuwa kitanda cha Ng'oto Saruni. Alilazwa muda, mguu umeinuliwa kwenye mto, hana la kufanya. Kwamboka akiingia tu, yule mama alipaza sauti wodi nzima isikie: "Keki amekuja!"

"*Takwenya*, Ng'oto Saruni," Kwamboka akamwamkia Kimaasai.

"*Iko*," mama akaitikia. "Leo umeniletea ya sukari?"

"Nimekuletea masikio."

Wakala habari. Kila asubuhi, mvua, mbuzi, Saruni, mama mkwe. Ng'oto Saruni alimtesa kwa raha zake. Alikuwa anafika ukingoni kabisa mwa neno, "Yote ni mazuri, ka...," kisha anakohoa na kurudi kwenye mbuzi, na Kwamboka anakaa pale, amebana midomo. Mimi nasimama nyuma, mikono mfukoni. Nilikuwa najifunza kusimama. Usifikiri ni kazi nyepesi. Mkono uliozoea kusaidia ukiuweka mfukoni ni kama kumfungia kuku ndani ya gunia, hautulii.

Na hapo nilianza kuona jinsi mtu anavyojifunza. Sikuwahi kuona, nilikuwa naziba njia. Nilimwona Kwamboka akiuliza vibaya, akijua ameuliza vibaya, akitafuta mlango mwingine. Uso wake ulipita kiwingu, kisha ukafunguka. Ningesema "nipe" ningekizuia kile kiwingu, na ule mwanga nao usingekuja.

Siku ya mtihani ilipangwa hivi: mimi nimtahini Kwamboka, na Daktari Achieng' anitahini mimi. Mtahini akimsaidia mwanafunzi kwa neno au kwa mkono, wote wawili wameanguka. Daktari alisimama pale pale dirishani. Mgonjwa tuliyepewa hatukuwa tumewahi kumwona: Mzee Parsaloi, ametoka upande wa Rombo, huko mpakani, amekuja kwa bintiye aliyeolewa Kajiado. Kwenye faili yake ilisemekana homa tu. Alikuwa ametibiwa malaria, akatibiwa tena, akatibiwa tena.

Kwamboka alisogea, akainamisha kichwa kama binti wa nyumbani. Mzee akanyoosha mkono kumgusa utosini, akakutana na kofia.

"Hii kofia inakukinga nini? Mvua?"

"Inanikinga nisikimbie, mzee."

Mzee akacheka bila sauti, mabega tu. Kwamboka akavuta kiti, akaketi. Hakushika kalamu.

"Habari ya Rombo?"

"Habari ni mzuri."

"Mvua?"

"Iko."

"Nyasi?"

"Iko."

"Watoto?"

"Wako. Wamenileta hapa kwa nguvu."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe wako. Wawili walitupa mimba. Mmoja ndama alikwama, akatoka kama amekufa. Hao wengine wako sawa."

Mwanangu, hapo damu ilinipanda kichwani. Nilijua. Ng'ombe anayetupa mimba, mzee mwenye homa isiyosikia dawa ya malaria: ni brusela, homa inayotoka kwa mifugo na kuingia kwa mtu kwa maziwa mabichi, au kwa mikono iliyomtoa ndama kama yule. Swali moja tu lilibaki. *Ulimshika wewe mwenyewe?* Nilikuwa nalo mdomoni, tayari, limekaa ulimini kama punje ya chumvi. Nikasukuma mikono chini mfukoni kwa nguvu. Nikamtazama Kwamboka. Hakuonekana kusikia. Aliendelea kuuliza habari za mbuzi.

Nikasema moyoni, imeisha. Imempita.

"Na wewe mwenyewe, mzee?"

"*Serian*."

Kimya.

Sijui kama umewahi kukaa ndani ya kimya cha wodi asubuhi. Kina sauti zake. Troli mbali koridoni. Mtu anakoroma. Jua lilikuwa limefika kitanda cha Mzee Parsaloi, likapanda polepole juu ya blanketi mpaka kwenye mikono yake, ile mikono mikubwa ya mfugaji iliyotulia, na nikaona nzi ametua kwenye kidole chake. Mzee hakumfukuza. Daktari Achieng' aliangalia saa yake. Kwamboka hakusema neno. Kisha akafanya jambo ambalo sikumfundisha. Aliingiza mikono yake mfukoni.

Nilihisi tumekaa ndani ya maji, sote, na hakuna anayetaka kupanda juu kwanza.

"*Kake*," mzee akasema.

Kwamboka hakupepesa hata jicho.

"*Kake* jioni. Jua ikishuka, mwili inawaka. Asubuhi naamka nguo imelowa, kama nimevuka mto. Na huu mgongo si wangu. Ni wa mtu mwingine mzee kuliko mimi."

"Pole sana, mzee," Kwamboka akasema. Akangoja tena kidogo. Halafu, kwa sauti ile ile ya kula habari, akarudi nyuma, akapita mbuzi na watoto, hadi pale nilipodhani hakusikia. "Yule ndama aliyekwama. Nani alimtoa?"

Mzee Parsaloi akainua mikono yake kwenye jua, akaigeuza, akaitazama mbele na nyuma.

"Ni hii."

"Na maziwa, mnachemsha?"

"Ukichemsha, hiyo si maziwa tena. Hiyo ni dawa."

Hapo ndipo Kwamboka alipochukua kalamu. Akaandika. Akampima joto, akamshika mgongo na viungo, akamgusa tumbo upande wa wengu, kila kitu kwa mpangilio wake, akasema ataomba damu ipimwe brusela. Mara moja alikosea pa kuanzia, uso ukapita kiwingu, akajirekebisha mwenyewe. Mimi sikusema kitu.

Tulipotoka nje Daktari Achieng' alitembea nami hadi kwenye kivuli cha tangi la maji. Nilikuwa na jasho. Alinitazama kutoka chini, kama kawaida yake.

"Mutheu, toa mikono."

Nilitoa. Mkono wa kulia ulikwama. Mshono wa mfuko ulikuwa umefumuka wote, na vidole vyangu vilikuwa vimetoka chini ya sare, vinaning'inia kama chuchu za ng'ombe.

"Alipotaja ng'ombe," akasema, "nimeona vidole vinachungulia huko chini. Nikasema, maskini, anataka kusema 'nipe' kwa mkono." Akacheka kile kicheko chake cha chini. "Lakini havikumgusa mtu. Nenda ukapumzike, Mwalimu."

Hakuwahi kuniita Mwalimu kabla ya siku hiyo.

Damu ya Mzee Parsaloi ilisema kile ilichosema mikono yake. Dawa za brusela huchukua muda, alilalamika kila siku, kisha akarudi Rombo akiwa na mgongo wake mwenyewe. Bintiye alituambia wanachemsha maziwa sasa, mzee anayanywa huku amekunja uso. Kwamboka alihitimu. Mimi nilimaliza uzamili, nikafundisha hadi nilipostaafu, na katika miaka hiyo nilikutana na njia nyingi mpya: picha ukutani, midoli ya kufanyia mazoezi inayopumua, baadaye kompyuta. Zote nzuri, nilizipenda. Lakini sikuona mdoli hata mmoja anayesema *kake*.

Juzi simu ililia nikiwa hapa hapa nimesinzia, naota madirisha yale. Ni Kwamboka. Naye alisoma uzamili baadaye, sasa ni mwalimu wa wauguzi. Alikuwa ananong'ona.

"Mwalimu, niko koridoni. Niko na mwanafunzi hapa, ametafuta mshipa mpaka nataka kulia. Nataka kumnyang'anya."

"Mgonjwa yuko salama?"

"Yuko salama. Anamcheka tu."

"Mikono yako iko wapi?"

"Mmoja mfukoni, mwingine una simu."

"Basi rudi ndani usimame."

Simu hakuikata. Nikasikia nyuma yake, mbali, sauti ya msichana ikisema, "Imeingia! Madam, imeingia!"

Hilo ndilo jibu langu kwako. Ukibaki ulivyo, mikono yako itaponya watu wengi, Mungu aibariki. Ukienda kusoma, ukasoma vizuri, utaponya watu ambao hutawaona kamwe, kwa mikono isiyo yako, katika wodi usizozijua. Ni jambo la ajabu kama ndoto, na ni kweli.

Nenda, basi. Ukifika nyumbani leo, toa sare yako sandukuni, geuza mifuko yote nje, chukua uzi mzito, uishone upya mara mbili.